Adapta inayounguza mashine, "biti nane", na marekebisho mengine kuhusu muziki wa chipu za gemu

Ndugu Mhariri,

Makala mliyochapisha kwenye kurasa za burudani kuhusu muziki wa mashine za gemu za zamani imetupa moyo, maana ni nadra kuona gazeti la Kiswahili likiutazama muziki huu kama muziki na si kama mchezo wa watoto. Hata hivyo makala ina ushauri mmoja ambao msomaji akiufuata ataunguza mashine, na ina maelezo mengine mawili yanayompotosha kijana anayetaka kujifunza. Tunaomba nafasi tuyarekebishe, tukianza na lile la hatari.

Mwandishi amesema mashine ya Nintendo, iwe ya Japani au ya Ulaya, huwashwa na adapta yoyote ya volti 9. Sivyo. Mashine ya Japani, Family Computer iliyotoka Julai 1983 na ambayo wengi huiita Famicom, inataka umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja tu), volti 10, miliampia 850, na katikati ya plagi kuwe hasi. Ile iliyouzwa Marekani na Ulaya kwa jina la NES ilikuja na transfoma inayotoa AC (umeme unaogeuka upande kila mara) ya volti 9. Ndani ya NES kuna daraja la diodi linalogeuza AC kuwa DC, kwa hiyo yenyewe inapokea vyote viwili. Famicom haina daraja hilo. Umeme unaingia moja kwa moja kwenye kapasita na kwenye 7805, ile regyuleta ya volti 5 ambayo kila fundi redio anaijua. Ukiichomekea AC, nusu ya kila mzunguko wa umeme inaingia kinyume. Kapasita ya elektroliti haivumilii umeme uliogeuzwa: inapata moto, inavimba, inapasuka, na 7805 inaweza kwenda nayo.

Tena transfoma za asili za Japani zimetengenezwa kwa soketi ya volti 100, za Marekani kwa 120. Soketi za Tanzania zina 230 na za Kenya 240. Mtu anayeagiza mashine pamoja na adapta yake ya asili aiweke adapta hiyo kando kama kumbukumbu.

Inayofaa mashine zote mbili ni adapta ya kisasa ya DC, volti 9, ampia 1 au zaidi, plagi ya milimita 5.5 kwa 2.1, katikati hasi. Wapiga gitaa wanayo, ndiyo inayowasha pedali zao. Tatizo ni kwamba nyingi za pedali zinatoa miliampia 200 au 500 tu, na mashine ikikosa umeme wa kutosha picha inayumba, sauti inaingiwa na muungurumo, mwisho inazima. Kabla ya kuchomeka, weka multimita kwenye DC, ncha nyekundu ndani ya tundu la plagi, nyeusi kwenye bati la nje. Namba ikija na alama ya kutoa mbele yake, katikati ni hasi, endelea. Usiridhike na mchoro uliochapwa kwenye adapta, pima.

Na anayetaka Famicom ya Japani ajue kwamba ile ya mwaka 1983 haina tundu la AV. Inarusha picha na sauti kwa njia ya antena kwenye chaneli ya 1 au ya 2 ya Japani, ambazo televisheni za huku hazizipati mahali pake. Toleo la mwaka 1993 ndilo lililowekewa AV. Hilo makala haikuligusa, na ndilo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji.

Sasa "biti nane". Makala imesema sauti za mashine hizi ni rekodi za biti nane, na kwamba prodyuza anaweza kuzipata kwa kuchukua wimbo wake wowote na kuupunguzia ubora kwenye programu. Hiyo nane ni ya prosesa, ni idadi ya biti inazozibeba kwa mkupuo mmoja. Sauti ni jambo jingine. Katika chipu ya Famicom, iitwayo 2A03 na iliyotengenezwa na kampuni ya Ricoh, ukubwa wa sauti una ngazi 16 tu, yaani biti nne, na karibu sauti zote hazikurekodiwa popote. Zinazalishwa papo hapo kwa kuhesabu mapigo ya saa ya prosesa, ambayo ni 1,789,773 kwa sekunde. Ukiupunguzia biti wimbo uliokwisha kurekodiwa, unapata wimbo uleule ukiwa na mkwaruzo. Wimbi la chipu halina mkwaruzo huo. Ni safi, lina kingo kali, na ukali wake unatokana na umbo lake.

Chaneli ni tano. Mbili za kwanza zinatoa wimbi la mraba: umeme unapanda, unakaa juu, unashuka, unakaa chini. Mtunzi anachagua wimbi likae juu asilimia 12.5, 25, 50 au 75 ya muda wake, na uchaguzi huo ndio unaobadilisha rangi ya sauti. Asilimia 50 ni nene na tulivu, 12.5 ni nyembamba na yenye makali, 25 iko katikati. Sikio haliwezi kutofautisha 75 na 25, kwa sababu moja ni nyingine iliyopinduliwa. Chaneli ya tatu ni wimbi la pembetatu lenye hatua 32, na haina kidhibiti cha ukubwa wa sauti: inalia au imenyamaza. Ya nne ni kelele, inayotengenezwa na rejista (hifadhi ndogo ya namba ndani ya chipu) ya biti 15 inayozungusha namba kwa kasi 16 tofauti. Ina hali ya pili ambayo mzunguko wake ni hatua 93 tu, na hapo kelele inageuka kuwa mlio wa chuma. Ya tano peke yake ndiyo inayopiga vipande vilivyorekodiwa, na hata hivyo kwa biti moja moja: kila biti inaamuru sauti ipande au ishuke ngazi mbili. Kipande kirefu kuliko vyote ni baiti 4,081, ambacho kwa kasi ya juu kabisa ya biti 33,144 kwa sekunde hakifiki sekunde moja.

Tuchukue noti moja ili msomaji aone kazi inavyofanyika. A ya Hz 440 kwenye chaneli ya mraba: gawanya 1,789,773 kwa 16, kisha kwa 440, unapata 254.2, halafu toa moja. Rejista haipokei desimali, kwa hiyo unaandika 253, na mlio unaotoka ni Hz 440.4. Kwa sikio ni sahihi kabisa. Panda oktavu tatu hadi Hz 3,520, mambo yanabadilika. Hesabu inataka 30.8. Ukiandika 31 unapata Hz 3,496, ukiandika 30 unapata 3,608, na kati yake hakuna kitu. Melodi ya juu sana kwenye chipu hii haitakaa sawasawa na kinanda hata ufanyeje. Watunzi wenye uzoefu hawaing'ang'anii. Wanaishusha oktavu moja.

Noti hiyohiyo ya A ina mtego mwingine ambao wanaoanza hudhani ni ubovu wa programu. Namba ya rejista ina biti 11 na imegawanywa sehemu mbili: biti 8 za chini mahali pake, 3 za juu mahali pake. Ukiandika kwenye sehemu ya juu, chipu inalianzisha wimbi upya kutoka mwanzo, na unasikia "tk". Noti ikisimama tuli hutasikia kitu. Lakini ukiitetemesha A kwa hatua nne juu na nne chini, namba inakwenda kutoka 249 hadi 257, na kila inapovuka 256 sehemu ya juu inabidi iandikwe. Matokeo yake ni mkwaruzo mdogo unaofuata mtetemo. Dawa ni tatu: punguza mtetemo usizidi hatua mbili, au hamisha wimbo mzima nusu toni, au tumia programu ya FamiStudio iliyo na chaguo la kulainisha mtetemo, ambalo hulitumia fagio la masafa (sweep) lililomo ndani ya chipu kuuvuka mpaka huo bila kulianzisha wimbi upya.

Hesabu hizi ni za mashine za Japani na Marekani. NES ya Ulaya ina chipu ya 2A07 yenye saa ya 1,662,607, na picha 50 kwa sekunde badala ya 60. Wimbo ulioandikwa kwa mashine ya Marekani ukipigwa humo bila kubadilishwa, ile 253 inatoa Hz 409, chini kwa zaidi ya nusu toni, na kasi nayo inapungua kwa sehemu moja ya sita. Chagua mfumo kabla hujaandika noti ya kwanza. Mashine za kuiga zenye katriji (kasha la gemu linalochomekwa) za pini 60 zina kasoro yake: nyingi zilizojengwa kwa chipu ya UA6527 ya kampuni ya UMC, na zilizofuata mchoro wake, zimebadilishana asilimia 25 na 50. Sauti nyembamba uliyoichagua inatoka nene, na kinyume chake. Haiharibu kitu, ila ujue kwamba unachokisikia sicho ulichokiandika.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kosa la tatu, nalo linatuuma zaidi kwa sababu linawagharimu vijana. Makala inamwambia anayeanza anunue mashine kwanza. Kwa nini? Programu za kuandikia muziki huu ni za bure na zinafanya kazi kwenye laptopu ya kawaida isiyo na nguvu. FamiTracker, pamoja na matoleo yaliyoiendeleza kama Dn-FamiTracker, ni ya chipu ya Famicom. Furnace inaiga chipu nyingi sana, za Nintendo, Sega, Commodore na wengine. Kwenye programu hizi unasikia wimbi lilelile, kwa mipaka ileile, na kitabu chako cha mazoezi ni faili unazofungua za watunzi wengine na kuzisoma mstari kwa mstari.

Anayejua muziki wa dansi ana pa kuanzia. Chukua bendi ya magitaa matatu: mraba wa kwanza ni solo, mraba wa pili ni rithim, pembetatu ni besi, kelele ni ngoma. Solo na rithim zikipeana nafasi, moja ikilia pale nyingine iliponyamaza, chaneli mbili zinatosha kabisa. Zikipiga noti moja kwa asilimia ileile ya wimbi, zinaweza kufutana na sauti ikadhoofika ghafla, kwa sababu wimbi moja linapanda wakati lingine linashuka. Sogeza moja kidogo: kwenye FamiTracker weka amri ya kusogeza mlio, P7E upande mmoja na P82 upande wa pili, na badala ya kufutana zinanenepeshana. Fanya hivyo kwenye noti za chini na za kati tu. Kule juu, kama tulivyoona, hatua moja ni kubwa mno, na hizo nne zinatosha kuikosesha noti kabisa.

Noti tatu za pamoja hazipatikani kwenye chaneli moja, kwa hiyo zinapigwa kwa zamu haraka sana. Amri 047 inapiga noti ya msingi, kisha nusu toni 4 juu, kisha 7, kila moja kwa fremu moja ya sehemu ya 60 ya sekunde. Mzunguko mzima unarudi mara 20 kwa sekunde na sikio linausikia kama noti tatu zinazometameta. Kwa hali ya huzuni tumia 037. Kwenye mfumo wa Ulaya zamu zinashuka hadi karibu 17 kwa sekunde na kumetameta kunakuwa kukubwa. Tunapendelea pale kuondoa noti ya kati na kubaki na 007, ambayo ni safi zaidi.

Kiki nzuri, yaani pigo la ngoma kubwa, haitoki kwenye kelele peke yake. Iteke pembetatu kwa fremu nne: C-4, G-3, C-3, F-2, kama zinavyoandikwa kwenye FamiTracker, na wakati huohuo piga kelele ya chini kwa ukubwa 12, 8, 3, 0. Fremu nne ni sehemu ya 15 ya sekunde. Besi imepotea kwa muda huo, lakini sikio lina shughuli na kiki na halitambui. Rudisha besi fremu ya tano. Ukiiacha hadi ya kumi, wimbo unabaki na mashimo, na hilo ndilo kosa tunalolisikia mara nyingi kwenye kazi za wanaoanza. Sneya haihitaji pembetatu: kelele ya kasi ya kati, ukubwa 15, 12, 9, 6, 4, 2, 1, 0.

Ukitumia ngoma zilizorekodiwa kwenye chaneli ya tano, angalia jambo moja. Kipande kinapoisha, ngazi ya mwisho ya sauti inabaki palepale kilipoishia, na ngazi hiyo ikiwa juu inazibana pembetatu na kelele, kwa sababu zote tatu zinachanganywa kwenye njia moja isiyolingana. Besi inapungua na huoni sababu kwenye skrini. Amri Z00 baada ya kipande inairudisha sifuri. Wakati mwingine utasikia kishindo kidogo inaporudi, kwa hiyo iweke chini ya pigo jingine.

Kuhusu kasi kuna jambo linalowahusu wasomaji wa Dar es Salaam moja kwa moja. Singeli inakwenda kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika, na programu hizi zinahesabu kwa fremu. Kwa fremu 60 na mistari minne kwa kila pigo, fremu 6 kwa mstari ni mapigo 150 kwa dakika, 5 ni 180, 4 ni 225, na 3 ni 300. Kati ya 225 na 300 hakuna namba kamili. Ukilazimisha kwa kubadilisha tempo, programu inagawa fremu bila mpangilio mzuri na ngoma zinayumba. Njia ya uhakika ni kupishanisha: mstari mmoja fremu 4, unaofuata 3. Wastani ni 3.5, na kasi ni mapigo 257. Mstari wa kwanza kuwa mrefu kidogo kuliko wa pili kunaupa wimbo mdundo wa kuchechemea, na kwa singeli mdundo huo unafaa sana.

Baada ya nyimbo tano au sita kwenye kompyuta, ndipo mashine ina maana. Kwa jukwaani tunashauri Game Boy ya kwanza, ile ya kijivu ya mwaka 1989, kuliko Famicom, kwa sababu haihitaji televisheni, inatumia betri nne za AA, na ina tundu la hedifoni lenye kushoto na kulia. Ina chaneli nne: mraba mbili, kelele, na moja ambayo wimbi lake unalichora mwenyewe kwa nukta 32 za biti nne. Mraba haishuki chini ya Hz 64, kwa hiyo besi ya kweli inatoka kwenye wimbi la kuchora, ambalo linafika Hz 32. Ukubwa wa sauti wa wimbi hilo una hali nne tu, kimya, robo, nusu na kamili. Anayetaka lififie taratibu anachora mawimbi madogo zaidi na kuyapitisha moja baada ya jingine.

Programu mbili ndizo zilizojenga muziki wa Game Boy: Nanoloop ya Mjerumani Oliver Wittchow, ya mwaka 1998, na Little Sound Dj ya Msweden Johan Kotlinski, ya mwaka 2000, ambayo watu huiita LSDj. Ya pili tempo yake inafika 295, inatosha singeli bila hila yoyote. Ijaribu kwanza kwenye kompyuta ndani ya SameBoy, programu inayoiga Game Boy, kisha ihamishie kwenye katriji.

Kwenye mixer kosa la kawaida ni waya. Tundu la Game Boy ni stereo. Ukichukua waya wa stereo pande zote mbili na kuuchomeka kwenye tundu moja la mixer lililo la mizani (balanced), mixer inachukua tofauti kati ya kushoto na kulia. Kila sauti uliyoiweka katikati inajifuta, na kiki na besi ndizo zinazotoweka kwanza. Nunua waya wa stereo ya milimita 3.5 unaogawanyika kuwa jeki mbili za mono za milimita 6.35, ingiza kwenye chaneli mbili, moja igeuze kushoto kabisa na nyingine kulia.

Ukisikia kelele ya chini chini hata mashine inaponyamaza, inatoka zaidi kwenye ampulifaya ndogo ya hedifoni, na wengi huikwepa kwa kuchukua sauti kabla haijafika kwenye kidude cha kuongeza na kupunguza sauti. Fungua skrubu sita, mbili ziko kwenye nafasi ya betri, kwa bisibisi ya mabawa matatu (tri-wing). Usitenganishe pande mbili kwa nguvu, kuna utepe wa waya kati yake. Ili kujua miguu sahihi ya kidude, washa mashine ipige noti moja mfululizo, sikiliza kila mguu kupitia kapasita ya mikrofaradi 10, na uzungushe gurudumu. Mguu ambao sauti yake haibadiliki ukizungusha ndio unaoutaka. Utapata miwili, kushoto na kulia. Lehemu waya mwembamba wenye ngao kwa nyuzi 330 hivi, sekunde mbili tatu tu, kwa sababu plastiki ya kidude inayeyuka haraka. Chukua ardhi kwenye tundu la hedifoni lenyewe. Pima DC kati ya kila waya na ardhi kabla ya kuunganisha na mixer. Ukikuta volti yoyote ya maana, acha kapasita ya mikrofaradi 10 kwenye kila upande. Usiweke ya chini ya 1, kwa sababu kwa mixer yenye ukinzani wa kilo-omu 10 kapasita ya 1 inaanza kukata kwenye Hz 16, na ya 0.1 inakata kwenye Hz 159. Besi yote imekwenda. Sauti inayotoka hapa ni ndogo kuliko ya hedifoni, ongeza geini kwenye mixer.

Vioo (skrini) vipya vya Game Boy vyenye taa vinapendeza, lakini vingi vinaleta mlio mwembamba kwenye sauti kwa sababu vinavuta umeme kwa mapigo kutoka njia ileile ya sauti. Kwa kurekodi, kioo cha asili ni bora.

Kuhusu kompyuta ya Commodore 64 ya mwaka 1982 na chipu yake ya SID, iliyobuniwa na Bob Yannes, makala imesema kweli kwamba sauti yake ni tajiri: sauti tatu tu, lakini zina kichujio na upana wa wimbi unaobadilika kwa ngazi 4,096. Tungeongeza onyo moja. SID ya 6581 inatumia volti 12 na kapasita za kichujio za pikofaradi 470. Ya 8580 inatumia volti 9 na kapasita za nanofaradi 22. Ukiweka 8580 kwenye bodi ya volti 12 inakufa. Adapta za asili za mashine hiyo nazo zikizeeka hupandisha ile volti 5 kupita kiasi na kuua chipu za kumbukumbu, kwa hiyo ipime kabla ya kuichomeka. Chipu zilizofutwa maandishi na kuandikwa upya ni nyingi sokoni. Anayetaka sauti tu bila mashaka anunue mbadala wa kisasa kama ARMSID.

Mwisho ni jambo ambalo makala haikulitaja kabisa, na limewapotezea watunzi kazi nyingi: betri ya katriji. LSDj inahifadhi hadi nyimbo 32 kwenye kumbukumbu ya kilobaiti 128, na kwenye katriji nyingi kumbukumbu hiyo inaishi kwa betri ndogo ya kifungo ya volti 3. Betri ikiisha, nyimbo zote zinafutika kwa pamoja. Nyimbo huharibika pia mashine ikizimwa katikati ya kuhifadhi, betri za AA zikilegea jukwaani, au katriji ikichomolewa kabla ya kuzima. Nakili faili ya .sav, ile yenye nyimbo zako, kwenye kompyuta kila baada ya kikao, na ipe kila nakala jina lenye tarehe, maana ukiiandika juu ya ile ya jana na leo imeharibika, umebaki na iliyoharibika peke yake. Betri mpya husoma volti 3 na zaidi kidogo, ikikaribia 2.5 usisubiri. Nunua yenye masikio ya kulehemu, usichome betri isiyo na masikio kwa pasi ya kulehemu kwani inaweza kupasuka, na ukiing'oa ya zamani ujue kumbukumbu inakuwa tupu papo hapo. Nakala iwe imekwisha kufunguliwa na kusikilizwa kwenye kompyuta kabla pasi haijapata moto.

Ni sisi wasomaji wenu,
Watunzi na mafundi wa muziki wa chipu
Dar es Salaam